Kutuliza au kukaza? Ulinganisho wa njia sita za kuusaidia mwili mapigo na presha vinapoyumba

Mtu akisema moyo unamdunda na kichwa kimekuwa chepesi, karibu kila mara ataambiwa jambo lilelile: kaa, vuta pumzi ndefu, tulia. Ushauri huo humfaa mmoja na kumwangusha mwingine. Dalili hizo mbili huja moyo unapopokea amri nyingi za kukimbia, na huja vilevile presha inaposhuka na moyo ukajitahidi kuifidia. Wa kwanza anahitaji kutulizwa. Wa pili anahitaji misuli ikazwe na damu irudishwe juu, na ukimpa dawa ya mwenzake unaweza kumaliza kazi ambayo kuzirai kulikuwa kumeianza.

Njia sita zinazolinganishwa hapa zote hufanya kazi. Zinatofautiana mahali zinapogusa, muda zinaochukua na mtu zinayemdhuru.

Matawi mawili na tofauti zenye uzito

Mfumo wa neva unaojiendesha husimamia moyo, mishipa ya damu, utumbo, kibofu, jasho na mboni za macho bila kungoja ruhusa yako. Tawi lake la simpathetiki hutoka kwenye uti wa mgongo, kuanzia usawa wa pingili ya kwanza ya kifua hadi ya pili ya kiuno, hupitia mnyororo wa vifundo vya neva uliolala kandokando ya uti, kisha humwaga kemikali ya noradrenalini kwenye viungo. Tawi hilohilo huchochea tezi zilizo juu ya figo zimwage adrenalini ndani ya damu. Tawi la parasimpathetiki hutoka sehemu mbili zilizo mbalimbali: kwenye shina la ubongo na chini kabisa ya uti. Kwa upande wa moyo, neva ya kukumbuka ni moja, vagasi, inayoshuka shingoni hadi kifuani na tumboni na kufanya kazi kwa kemikali ya asetilikolini.

Vitabu vya shule huyafananisha matawi haya na sahani mbili za mizani, moja ikipanda nyingine ishuke. Mfano huo unatosha kujibia mtihani, lakini kwa anayetaka kuchagua njia unapotosha, kama itakavyoonekana kwenye maji baridi.

Tofauti ya kwanza ni kasi. Vagasi hubadilisha mwendo wa moyo ndani ya pigo moja au mawili. Simpathetiki huchukua sekunde kadhaa kuanza, na huweza kupita sekunde 20 kabla ya kufika kilele chake. Kuzimika nako hakufanani: asetilikolini huvunjwavunjwa papo hapo na kimeng'enya kilichopo palepale, ilhali adrenalini iliyokwisha kuingia kwenye damu huhitaji dakika kadhaa kuisha. Ndiyo maana aliyeponea chupuchupu kugongwa na gari huendelea kutetemeka mikono hali akili yake imekwisha kukubali kuwa hatari imepita. Hakuna njia itakayoifuta adrenalini hiyo kwa sekunde 10.

Ya pili ni breki ya moyo. Moyo usio na neva yoyote hupiga mara 100 hivi kwa dakika. Mapigo 70 ya mtu aliyepumzika yanatokana na vagasi kuukanyagia breki mchana kutwa na usiku kucha. Kupanda kutoka 70 hadi karibu 100 kwa sehemu kubwa ni breki hiyo kuachiwa. Juu ya hapo ndipo simpathetiki inapoonekana zaidi.

Ya tatu husahauliwa, nayo ndiyo inayoamua mengi. Mishipa mingi ya damu ya mikono, miguu na tumbo huamriwa na simpathetiki peke yake. Vagasi haina sauti huko. Iwapo mishipa hiyo imelegea, kuichochea vagasi hakutaikaza hata kidogo. Kutapunguza mapigo tu, wakati mapigo hayo ndiyo yaliyokuwa yameishikilia presha.

Mwili unavyojirekebisha ukisimama

Ukiinuka kutoka kitandani, mililita 500 hadi 800 za damu huteremkia miguuni na tumboni. Damu inayorudi moyoni hupungua na presha huanza kushuka. Vihisio vilivyo ndani ya kuta za ateri (mishipa inayotoa damu moyoni), pale ateri kuu ya shingo inapogawanyika na kwenye upinde wa aota, ateri kubwa kuliko zote, hunyooshwa kidogo kuliko kawaida, hivyo hupunguza ujumbe vinaoupeleka kwenye shina la ubongo. Shina la ubongo hujibu kwa kuachia vagasi na kuongeza simpathetiki. Mapigo hupanda kwa 10 hadi 20 kwa dakika, mishipa hukaza, na wewe unaendelea na shughuli zako bila kujua kuwa kulikuwa na kazi.

Mzunguko huu hukatika mahali tofauti. Damu yenyewe inaweza kuwa haitoshi, kwa kuharisha, kutapika au kutokwa na damu. Dawa zinaweza kuizuia mishipa isikaze: za presha, za kulegeza njia ya mkojo kwa wenye tezi dume, na baadhi ya dawa za sonona. Neva zinaweza kuwa zimeharibika, hasa kwa kisukari cha miaka mingi. Na katika kuzirai kule kwa kawaida, kwa kuona damu, kwa kuchomwa sindano au kusimama muda mrefu kwenye joto, shina la ubongo hugeuza amri ghafla: simpathetiki huzimwa na vagasi hufunguliwa kwa pamoja. Mishipa inalegea na moyo unapunguza mwendo. Mtu hupauka uso, hupiga miayo, hutokwa na kijasho chembamba, hupata kichefuchefu, macho huingia giza na sauti za watu husikika kwa mbali. Kutoka hapo hadi sakafuni mara nyingi ni chini ya dakika moja.

Pima kwanza

Kipimo cha kusimama kinahitaji mashine ya presha, saa, na mtu wa pili wa kukudaka. Lala chali dakika 5, pima presha na mapigo. Simama bila kuegemea kitu, pima tena dakika ya 1 na ya 3. Mkono wenye kitambaa cha mashine uwe usawa wa moyo. Ukiachwa uning'inie, presha husomeka juu kuliko ilivyo, na kosa hilo moja huficha tatizo zima. Ikiwa unachotafuta ni mapigo kupanda, endelea hadi dakika ya 10.

Presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3, mwili unashindwa kuihimili kusimama. Angalia basi mapigo yamefanya nini. Yakiwa yamepanda vya kutosha, shuku upungufu wa maji au dawa. Yakiwa yamebaki palepale ilhali presha imeporomoka, shuku neva zenyewe. Kipimo hiki kina mtego: anayetumia dawa ya kundi la beta, inayozuia mapigo kupanda, atasomeka kama mwenye neva mbovu hata kama si hivyo. Na kama presha haijashuka kiasi hicho lakini mapigo yamepanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wa miaka 12 hadi 19), na dalili zimeendelea kwa miezi, hiyo ni hali nyingine ya kupeleka kwa daktari ikiwa na namba hizo zimeandikwa.

Moyo ukienda mbio wakati umekaa au umelala, hesabu mapigo ya kifundo cha mkono kwa sekunde 15 uzidishe kwa 4, na ujiulize yalianzaje. Mbio zilizowaka ghafla kama swichi, kati ya 150 na 220, zenye mdundo ulio sawasawa, mara nyingi ni umeme wa moyo unaozunguka kwenye njia ya ziada. Mbio zilizopanda polepole na kubaki chini ya 150 huwa na sababu nje ya moyo: hofu, homa, upungufu wa maji au wa damu. Maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au kuzirai katikati ya mazoezi havina nafasi katika ulinganisho huu. Hivyo ni vya hospitali mara moja.

Upande wa kutuliza

*Kupumua taratibu.* Lengo ni pumzi 6 kwa dakika: sekunde 4 za kuvuta na 6 za kutoa, au 5 kwa 5, kupitia puani, kwa dakika 5 hadi 10. Ukivuta pumzi vagasi hulegeza breki na mapigo hupanda. Ukitoa, breki hurudi. Mwendo wa pumzi 6 huoana na mzunguko wa vihisio vya presha, ambao nao huchukua sekunde 10 hivi, ndiyo maana mapigo hupanda na kushuka kwa wingi zaidi kwa mwendo huo kuliko kwa mwingine wowote. Madaktari hulitumia jambo hilohilo kupima neva za moyo: kijana mwenye afya akipumua hivyo, tofauti kati ya mapigo ya juu na ya chini kwa kawaida hupita 15 kwa dakika.

Kinachoharibika ni ukubwa wa pumzi. Watu husikia "pumzi ndefu" wakajaza kifua hadi mabega yapande. Kaboni dayoksaidi hutoka kupita kiasi, ateri za ubongo hubana, vidole na midomo hufa ganzi, kichwa kinazidi kuwa chepesi, na hofu ya awali inapata ushahidi mpya. Pumzi iwe ya polepole na ya kiasi, tumbo likipanda kuliko kifua. Ganzi ya vidole ikianza, unavuta hewa nyingi mno.

Kwa hofu, kwa kushindwa kulala, kwa mapigo yaliyopanda taratibu, hii ndiyo njia ya kwanza na haina mpinzani. Kwa mbio za swichi haitoshi.

*Kujikamua, yaani Valsalva.* Hapa unapuliza dhidi ya kizuizi kwa sekunde 15. Kipimo cha nguvu kinachotumika hospitalini ni shinikizo la milimita 40 za zebaki, na bomba la sindano la mililita 10 hulikadiria vizuri: puliza mdomoni mwa bomba kwa nguvu ya kutosha tu kuisogeza pistoni yake.

Wengi wanadhani faida iko katika kule kujikamua. Iko baada yake. Unapojikamua, shinikizo la kifua huizuia damu isirudi moyoni, presha hushuka na mapigo hupanda. Ukiachia, damu iliyokuwa ikingoja humiminika moyoni, presha huruka juu ya kawaida, vihisio vya shingo hupiga kelele, na vagasi huukanyagia moyo breki kali. Breki hiyo ndiyo inayoweza kuukata ule mzunguko wa umeme. Kwa hiyo mgonjwa akiachia hali ameketi wima, damu nyingi hubaki miguuni na breki inakuwa dhaifu. Njia iliyoboreshwa hurekebisha hilo: anajikamua akiwa ameketi nusu-wima, na papo hapo baada ya sekunde 15 msaidizi anamlaza chali na kumwinua miguu kwa pembe ya digrii 45 kwa sekunde nyingine 15, kisha anamrudisha alivyokuwa. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2015 uliwalinganisha wagonjwa 428: kwa njia iliyoboreshwa moyo ulirudi kwenye mdundo wa kawaida baada ya dakika moja kwa asilimia 43, na kwa njia ya zamani asilimia 17. Katika sita zetu hakuna nyingine ambayo badiliko dogo la mkao limeipa faida kubwa kiasi hicho.

Isitumiwe na aliyepata shambulio la moyo karibuni, mwenye vali ya aota iliyobana, au mwenye maradhi ya mishipa ya nyuma ya jicho. Na kamwe asipewe anayekaribia kuzirai, kwa kuwa zile sekunde 15 za kwanza ni sekunde za kushusha presha. Wazee wanaoanguka chooni wakijikamua huwa wamefanya Valsalva bila kujua.

*Maji baridi usoni.* Jaza beseni maji yenye nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, zuia pumzi, zamisha uso kuanzia paji hadi pua kwa sekunde 15 hadi 30. Asiye na beseni aweke mfuko wa maji ya barafu, uliofungwa kwa kitambaa chembamba, juu ya paji, macho na mashavu huku amezuia pumzi. Neva ya trijemina, inayobeba hisia za uso, hupeleka habari kwenye shina la ubongo, vagasi hupunguza mwendo wa moyo, na wakati huohuo simpathetiki hubana mishipa ya mikono na miguu. Matawi yote mawili yanafanya kazi pamoja, na mfano wa mizani umevunjika.

Mahali pa kuweka baridi ndipo pa kukosea. Kisogoni au kifundoni mwa mkono hakuna mwitikio huu. Kujimwagia maji baridi mwili mzima ni kinyume kabisa: ngozi ikishtuka, mtu hutweta, mapigo na presha hupanda. Baridi ya uso na ya mwili zikija pamoja, moyo hupokea amri mbili zinazopingana, na mdundo unaweza kuvurugika. Kati ya hii na Valsalva, chagua Valsalva iliyoboreshwa ikiwa una msaidizi. Chagua beseni ukiwa peke yako au ikiwa mgonjwa hawezi kupuliza. Mwenye ugonjwa wa moyo asizijaribu mbili hizi bila daktari wake. Ama kukanda ateri ya shingo, njia inayoonekana kwenye video nyingi, ni kazi ya daktari aliyekwisha kukagua ateri hiyo: mafuta yaliyoganda humo yanaweza kumeguka na kwenda kwenye ubongo.

Upande wa kukaza

*Kukaza misuli.* Macho yakianza kuingia giza, pishanisha miguu na ukaze mapaja, makalio na tumbo kwa nguvu zote, au nasa vidole vya mkono mmoja ndani ya vya mwingine na uvute viwiko nje. Misuli huzikamua vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, damu hupanda, na presha huinuka ndani ya sekunde chache. Kuchuchumaa hufanya hivyo kwa haraka zaidi, ila kuinuka baadaye ni hatari. Inuka polepole ukiwa bado umekaza miguu.

Kosa ni kuzuia pumzi wakati wa kukaza, hapo umeigeuza kuwa Valsalva. Hesabu kwa sauti. Anayehesabu hawezi kuzuia pumzi.

Wanaozirai kwa kuona damu au sindano wana mpango wao, ulioendelezwa na mtaalamu wa saikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, katika miaka ya 1980: kaza mikono, miguu na kiwiliwili sekunde 10 hadi 15 mpaka uso uhisi joto, legeza kwa sekunde 20 hadi 30 kurudi kawaida bila kujilegeza kabisa, rudia mara 5. Mkono unaochomwa uachwe umelegea. Hawa ndio wanaoathirika zaidi na ushauri wa "tulia", kwa sababu mwili wao tayari unatulia kupita kiasi.

*Kulala na kuinua miguu.* Haihitaji ujuzi wowote na hushinda zote pale mtu amekwisha kupauka. Kukaa kichwa kikiwa katikati ya magoti ni nafuu ya pili, tena mtu anaweza kubingirika. Asiinuliwe mapema, dakika 10 si nyingi, na akiinuka apitie kwanza kuketi.

*Maji ya kunywa.* Mililita 500 za maji matupu, zikinywewa ndani ya dakika 5, hupandisha presha kwa watu ambao neva zao zimeharibika, wakati mwingine kwa zaidi ya 30. Huanza kuonekana baada ya dakika 5 hivi, hufika kilele karibu na dakika ya 30, na hupungua baada ya saa moja na zaidi. Ajabu ni kwamba maji yenye chumvi hayafanyi kazi vizuri hapa, kwani kinachowasha simpathetiki ni wepesi wa maji yenyewe yanapofika tumboni. Wagonjwa hawa wasilale bapa baada ya kunywa, maana presha yao ikiwa wamelala huwa tayari iko juu. Mwenye moyo au figo zilizoshindwa, aliyewekewa kikomo cha maji, njia hii imempita.

Soksi za kubana zinauzwa sana kwa tatizo hili. Zinazoishia magotini hazisaidii kitu cha kutajika, kwani damu nyingi hukaa tumboni. Mkanda mpana wa tumbo, unaovaliwa kabla ya kutoka kitandani na kuvuliwa kabla ya kulala, una faida zaidi.

| Njia | Inachogusa | Huonekana baada ya | Mpe | Usimpe |
|---|---|---|---|---|
| Pumzi 6 kwa dakika | Vagasi, kwa upole | Dakika 1 hadi 5 | Mwenye hofu, mapigo yaliyopanda taratibu | Anayekaribia kuzirai |
| Valsalva iliyoboreshwa | Vagasi, kwa nguvu | Chini ya dakika 1 | Mwenye mbio za ghafla | Mwenye presha inayoshuka, vali iliyobana |
| Maji baridi usoni | Matawi yote mawili | Sekunde 15 hadi 30 | Mwenye mbio za ghafla akiwa peke yake | Mgonjwa wa moyo bila ushauri |
| Kukaza misuli | Vena na misuli | Sekunde chache | Anayeanza kuona giza | Asiyeweza kukaza bila kuzuia pumzi |
| Kulala na kuinua miguu | Uzito wa damu | Papo hapo | Aliyekwisha kupauka | Aliyeumia uti, presha ikiwa juu |
| Maji mililita 500 | Simpathetiki | Dakika 5 hadi 30 | Mwenye presha inayoshuka kila asubuhi | Aliyewekewa kikomo cha maji |

Anayekataa kanuni zote

Safu ya "Usimpe" ya jedwali inamtaja aliyeumia uti wa mgongo, na anahitaji maelezo. Jeraha likiwa usawa wa pingili ya sita ya kifua au juu yake, ubongo hauwezi tena kuituliza simpathetiki iliyo chini ya jeraha. Kibofu kikijaa, uti huo ulioachwa peke yake hubana mishipa yote ya tumbo na miguu, na presha hupanda vibaya. Vihisio vya shingo vinaiona hatari, lakini njia pekee iliyobaki wazi ni vagasi, hivyo mapigo hushuka. Mgonjwa anaumwa kichwa kama kinapasuka, uso umewaka na unatoka jasho, miguu ni ya baridi. Hapa 20 hadi 40 juu ya presha yake ya kila siku ni dharura, hata kama namba yenyewe ingeonekana ya kawaida kwa mtu mwingine.

Usimlaze. Mketishe wima miguu ikiwa chini ili damu iteremke, legeza mkanda, viatu na nguo zinazobana, kisha fuata mpira wa mkojo kutoka mwanzo hadi kwenye mfuko, ukitafuta ulipojikunja au kuziba. Mpira ukiwa sawa, kinachofuata ni haja kubwa iliyokwama, kisha vidonda na kucha zilizoingia nyamani. Presha ipimwe kila dakika 2 hadi 5. Ikibaki juu ilhali sababu haijaonekana, apelekwe hospitali akiwa bado ameketi.